Karakana ipige hesabu kabla ya kupokea oda kubwa

Mfanyabiashara anapoingia kwenye karakana ya kuchomelea mjini Tunduma na kusema anataka mashine 60 za kupukuchua mahindi, zote za aina moja, jambo la kwanza linalomjia mwenye karakana ni jumla ya fedha. Kila mashine Sh420,000, zote pamoja Sh25.2 milioni. Kwa mtu aliyezoea kutengeneza geti moja leo na kuziba ufa wa tela kesho, hizo ni fedha ambazo pengine hajawahi kuzishika kwa mkupuo mmoja.

Wengi hukubali siku hiyo hiyo. Wachache huomba siku mbili za kufikiri, na majirani huwaona waoga. Hao wachache ndio wanaofanya biashara. Oda ya namna hiyo inaweza kuikuza karakana au kuifunga, na ukubwa wake hauwezi kumwambia mtu itakuwa lipi kati ya hayo mawili. Yanayoamua ni mambo matatu: kazi itafanyika msimu gani, chuma kitanunuliwa kwa fedha za nani, na kama oda hiyo itarudi tena.

Karakana nyingi za mkoa wa Songwe huishi kwa kazi za mteja mmoja mmoja. Tunduma ni lango la barabara kuu ya kwenda Zambia na Kongo, na malori hayaishi kupasuka chesisi au kung'oka bodi. Kutoka Mbozi, Momba na Ileje huja wakulima wenye plau, matela ya ng'ombe, mashine za kusaga na mashine za kumenya kahawa mbivu. Mji wenyewe unajengwa kila upande, na kila nyumba inataka geti na madirisha.

Mteja wa aina hii hulipia ufundi na haraka. Dereva ambaye lori lake limeharibika njiani haulizi kilo ya chuma ni bei gani, anauliza kazi itakwisha saa ngapi. Mwenye nyumba hutanguliza nusu ya malipo au zaidi, na fedha hiyo ndiyo inayonunua vifaa. Kwa hiyo fundi anaweza kuendesha karakana mwaka mzima bila mtaji mkubwa, maana mtaji unaletwa na wateja wenyewe.

Mnunuzi wa mashine 60 ni mteja wa aina nyingine. Yeye hulipia bei. Kabla ya kuja amekwishapita madukani kuangalia mashine zilizotoka China na India, na anajua zinauzwaje. Anataka mashine ya sitini ifanane na ya kwanza, beringi za kipimo kimoja, matundu ya bolti mahali pamoja. Anataka zote kwa tarehe fulani. Na mara nyingi anataka kulipa baada ya kuuza.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika. Ichukuliwe karakana ya mfano yenye mwenye mali, mafundi watatu na vijana wawili wanaojifunza. Katika miezi ya mavuno, kazi zikiwa nyingi, karakana hiyo hubakiwa na Sh2.4 milioni kwa mwezi baada ya kununua vifaa. Hiyo ndiyo inayolipa mishahara, pango, umeme na riziki ya mwenye mali.

Oda ya mashine 60 inaletwa. Pleti, chuma cha pembe, shafti, beringi, puli, rangi na vijiti vya kuchomelea kwa mashine moja isiyo na injini vinagharimu Sh330,000. Bei ya kuuza ni Sh420,000. Inabaki Sh90,000 kwa kila mashine, sawa na Sh5.4 milioni kwa oda nzima. Kwa haraka haraka mtu ataona ni zaidi ya mapato ya miezi miwili, akasaini.

Swali alilosahau ni moja: mashine hizo 60 zitachukua wiki ngapi? Mafundi wakitoa mashine tano kwa wiki, kazi itachukua wiki 12, yaani miezi mitatu. Sh5.4 milioni zikigawanywa kwa miezi mitatu ni Sh1.8 milioni kwa mwezi. Karakana iliyokuwa ikibakiwa na Sh2.4 milioni sasa inabakiwa na Sh1.8 milioni, huku mafundi wakitoka jasho zaidi ya zamani. Oda imempunguzia kipato Sh600,000 kila mwezi, na yeye anaamini amepata bahati.

Ili asipungukiwe, lazima kazi yote iishe ndani ya wiki tisa, yaani mashine saba kwa wiki. Je, karakana yake inaweza kutoa saba? Wengi hawajui, kwa sababu hawajawahi kupima. Fundi anayetengeneza mashine moja kwa ajili ya mkulima mmoja hupima, hukata, hujaribisha, hurekebisha. Akiifanya hivyo mara 60 hatafika popote.

Kinachobadilisha kasi ni maandalizi. Inatakiwa fremu maalumu ya kushikilia vipande ili kila kimoja kichomelewe mahali pale pale bila kupimwa upya. Inatakiwa siku moja ya kukata vipande vyote vya aina moja, siku nyingine ya kutoboa, nyingine ya kuchomelea. Kutengeneza fremu hizo kunaweza kula wiki nzima ambayo haitoi mashine hata moja. Wiki hiyo ni gharama, na inapaswa kuwemo kwenye bei. Wenye karakana wengi huisahau kwa sababu hakuna risiti yake.

Njia salama ya kujua kasi ni kutengeneza mashine chache za majaribio, tatu au tano, kwa bei ya kawaida, kabla ya kusaini zilizobaki. Saa za kila hatua ziandikwe kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi ya wingi saa za fundi ni mali kama pleti.

Sasa uje msimu. Katika mkoa wa Songwe mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mahindi huvunwa kuanzia karibu Mei na Juni, na kahawa ya Mbozi nayo huingia katikati ya mwaka. Kuanzia hapo mkulima ana fedha na ana haraka. Mashine ya kupukuchua ikikatika shafti, mahindi yanamsubiri. Mashine ya kumenya kahawa ikigoma, kahawa mbivu haiwezi kulala siku mbili bila kuharibika ubora. Mavuno yakishauzwa, watu huanza kujenga na kuagiza mageti. Oktoba plau hurudi kwa fundi kabla ya mvua.

Januari hadi Aprili mambo hubadilika. Mkulima yuko shambani, fedha zimekwenda kwenye mbolea na palizi, na kujenga kumesimama kwa sababu ya mvua. Fundi hukaa kibarazani akisubiri malori. Tuseme katika miezi hiyo karakana ya mfano hubakiwa na Sh1.5 milioni tu kwa mwezi.

Oda ile ile ya mashine 60 ikifanywa wakati huo, kwa kasi ile ile ya mashine tano kwa wiki, inaleta Sh1.8 milioni kwa mwezi. Karakana imepata Sh300,000 zaidi kila mwezi kuliko ambavyo ingepata ikikaa kusubiri. Bei ni hiyo hiyo, mafundi ni hao hao. Iliyokuwa hasara mwezi Julai imekuwa faida mwezi Februari.

Hii inamfaa hata mfanyabiashara. Mashine ya kupukuchua inatakiwa iwe dukani kabla ya mavuno. Anayeagiza Juni amechelewa na atalazimika kubembeleza. Anayeagiza Januari atapata mashine zake Aprili, zikiwa zimejaribiwa. Kwa hiyo mwenye karakana anaweza kusema bila kuona haya: kwa bei hii ninafanya miezi ya mvua, ukitaka wakati wa mavuno bei ni nyingine. Wakulima wa mahindi wanajua vizuri kwamba gunia la Julai na gunia la Februari hayana bei moja. Saa za fundi nazo ziko hivyo hivyo.

Jambo la pili ni fedha za chuma. Vifaa vya mashine 60 katika mfano huu ni Sh19.8 milioni. Mfanyabiashara akitanguliza asilimia 20, yaani Sh5.04 milioni, na kuahidi zilizobaki baada ya kupokea mashine zote, mwenye karakana anatakiwa kutafuta Sh14.76 milioni. Akizikopa zote mwanzoni kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, na ikapita miezi minne hadi alipwe, riba ni Sh1.77 milioni. Theluthi nzima ya kile kilichokuwa kibaki imekwenda. Kwa maneno mengine, fundi amegeuka kuwa benki ya mfanyabiashara, tena benki isiyotoza riba.

Dawa yake haihitaji mkopo. Oda igawanywe mafungu manne ya mashine 15. Vifaa vya fungu moja ni Sh4.95 milioni, na malipo ya awali ya Sh5.04 milioni yanatosha kuvinunua. Fungu la kwanza likikamilika, mfanyabiashara analipa Sh6.3 milioni na kuchukua mashine zake. Fedha hiyo inanunua vifaa vya fungu la pili na kulipa mafundi. La pili na la tatu hivyo hivyo. Malipo ya awali yanakatwa kwenye fungu la mwisho, ambalo analipia Sh1.26 milioni tu.

Kwa utaratibu huo hakuna anayembebea mwenzake mzigo. Mfanyabiashara akiishiwa fedha katikati, karakana haina deni la chuma kisichouzika. Mashine zikiwa mbovu, mfanyabiashara ana 15 za kulalamikia badala ya 60. Mfanyabiashara anayekataa mafungu na kukataa kutanguliza fedha anaeleza jambo muhimu juu ya mfuko wake, na ni vizuri kumsikiliza mapema.

Ipo njia nyingine: mfanyabiashara anunue chuma mwenyewe, akilete karakana, na alipie ufundi peke yake. Faida ya karakana inaweza kuwa ndogo kidogo, lakini hakuna mtaji unaofungwa. Kuna na suala la kodi. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi kwa makadirio hukadiriwa kwa mauzo yake, si kwa faida. Oda iliyopitishia chuma chote karakana inaonekana kama mauzo ya Sh25.2 milioni. Iliyolipiwa ufundi tu inaonekana kama Sh5.4 milioni. Ni busara kwenda kuuliza ofisi ya TRA kabla ya kusaini.

Mkataba nao usiwe wa mdomo. Uandike bei ya vifaa itadumu siku ngapi, kwa sababu chuma hupanda bila kubisha hodi. Uandike nini kitatokea umeme ukikatika. Waliofanya kazi mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, mgao wa umeme ulipokuwa mkali, wanajua kwamba karakana isiyo na umeme ni banda tu. Na mnunuzi akitoka Nakonde, mkataba useme malipo ni shilingi, maana kwacha inaweza kuyumba kati ya siku ya kupatana na siku ya kulipana. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha kuvuka, lakini mashine za kuuzwa Zambia bado zinahitaji nyaraka, kikiwemo cheti cha uasili wa bidhaa ikiwa mnunuzi anataka nafuu ya ushuru wa SADC. Anayekwenda kukitafuta cheti hicho awekwe bayana.

Jambo la tatu ni kurudi kwa oda. Hapa nchi imekwishapata somo. Mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa wa Songwe ulipozaliwa kutoka Mbeya, serikali iliagiza uhaba wa madawati shuleni uwe umekwisha hadi Juni 30. Mafundi seremala na wa kuchomelea nchi nzima wakapata kazi ambayo hawakuwahi kuiota. Lakini Bunge lilipotoa Sh6 bilioni ilizobana kwenye matumizi yake na fedha hizo zikaelekezwa kwenye madawati, kazi ilikwenda kwa JKT na Magereza, taasisi zenye watu wengi na karakana kubwa.

Oktoba 2021 ikaja zamu ya madarasa 15,000 kutokana na mkopo wa Sh1.3 trilioni wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Milango, madirisha, viti na meza vikahitajika wakati mmoja kila halmashauri, na tarehe ya mwisho ilikuwa kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Kila fundi alikuwa akitafuta chuma kile kile katika wiki zile zile.

Kazi kama hizo zina faida kwa aliyejipanga. Hata hivyo, dawati likishatosha darasani halitakiwi tena mwaka unaofuata. Fundi anayekopa kununua mashine ya kukunja mabomba kwa ajili ya oda ya mara moja anabaki na deni la miaka miwili kwa kazi ya miezi miwili. Kanuni ni rahisi: oda ya mara moja ifanywe kwa vifaa vilivyopo. Vifaa vipya vinunuliwe kwa ajili ya bidhaa ambayo watu watairudia.

Wapo watakaosema kwamba ushauri wa namna hii unawafanya mafundi wabaki wadogo milele, na kwamba nchi haiwezi kuwa ya viwanda kwa kuziba matela. Hoja hiyo ina uzito. Karakana inayotegemea kila asubuhi nani atapita barabarani haiwezi kupanga mwaka, haiwezi kuajiri kwa uhakika, na mwenye mali akiugua kila kitu kinasimama. Kazi ya wingi hufundisha nidhamu ya vipimo. Huwapa vijana wanaojifunza kazi ya kukata na kutoboa ambayo wanaiweza, huku fundi mkuu akiwa huru kupokea lori lililoharibika. Na fremu zikishatengenezwa hubaki, hivyo oda ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza.

Lakini wingi peke yake si kinga. UFI cha Ubungo na ZZK cha Mbeya vilikuwa viwanda vya umma vilivyojengwa mahsusi kwa zana za kilimo, na uwezo wao hakuna karakana ya Tunduma inayoweza kuukaribia. Soko lilipofunguliwa na majembe ya nje yakaingia, vilishindwa kuhimili. Anayeshindana kwa bei tupu atakuta daima kuna kiwanda kikubwa kuliko chake.

Nguvu ya karakana ya Songwe iko mahali ambapo mwenye kiwanda wa mbali hafiki. Mkulima wa Mlowo anayenunua mashine ya kupukuchua iliyotengenezwa Tunduma anajua pa kuirudisha. Beringi ikifa anapata nyingine siku hiyo hiyo. Chekecho likiwa pana mno kwa mbegu anayopanda, anamwambia fundi na linabadilishwa. Karakana inayozalisha bidhaa ambayo tayari inaitengeneza na kuikarabati kwa wakulima wake inauza mashine mara moja na huduma kwa miaka. Kazi ya wingi ya namna hiyo haiui kazi ya mteja mmoja mmoja, inailisha.

SIDO, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ipo kwa kazi hiyo, na mafundi wanapaswa kubisha mlango wake kuhusu michoro, mafunzo na namna ya kupata alama ya ubora ya TBS. Tangu halmashauri ziliporejesha mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu mwaka 2024, vikundi vya vijana wa kuchomelea vina mahali pa kuanzia. Mkopo huo usaidie kununua drili ya kusimama na kutengeneza fremu, usiende kumnunulia mfanyabiashara chuma.

Wakulima nao wana sehemu yao. Karakana ya jirani ikifunga milango mwezi Julai kwa sababu inahangaikia mashine 60 za mtu mmoja, atakayeumia wa kwanza ni mwenye kahawa inayochacha na mwenye mahindi yaliyolala uani. Vyama vya ushirika vya msingi vya Mbozi vinaweza kukusanya mahitaji ya wanachama wake na kuagiza mapema, mwezi Januari, badala ya kila mmoja kukimbilia kwa fundi mavuno yakiwa yameiva. Hapo chama kitakuwa kimempa fundi kazi ya miezi ya mvua na kujihakikishia huduma ya miezi ya jua.

Mwenye karakana aliyeomba siku mbili za kufikiri basi asionewe haya. Katika siku hizo atafute daftari, aandike wiki ngapi, mwezi gani na fedha za nani. Mfanyabiashara akirudi, amjibu kwamba atafanya mashine 15 kwanza, kuanzia Januari, vifaa vikiwa vimelipiwa. Mfanyabiashara mwenye soko la kweli atakubali. Asiye nalo ataondoka, na karakana itakuwa imeokoa Sh14.76 milioni ambazo haikuwa nazo.